Herufi Tatu za Finlay

Tangu kiharusi cha mwezi wa pili
Finlay Swanson hana neno.
Ana ubao wa herufi aliochorewa na muuguzi,
ana kidole kimoja cha mkono wa kushoto,
na kila jioni, chai ikishapoa,
kidole hugusa G, hugusa H, hugusa T,
kisha hulala papo hapo kama nzi aliyechoka.

Dada yake Dolina si wa kushindwa na herufi tatu.
Miaka thelathini na mmoja aliunganisha simu za mji wa Wick,
akijua nani anampigia nani, na nani atakata kwanza.
Alishusha kamusi ya marehemu mumewe,
bado inanuka tumbaku,
akanunua daftari na kalamu mbili nyekundu,
akaanza kuwinda.

Kwanza aliwinda vidogo:
usiku, haki, mwanga, nane, uzito.
Finlay akatazama dirishani.
Basi akawaza: huyu alichonga mawe ya sakafu
mapana kama milango,
hawezi kuwa anataka neno la kiganjani.
Akampata ndege aimbaye usiku, herufi kumi na moja.
Akampata mjukuu wa kike, kumi na tatu,
akamsomea kwa woga, maana Finlay hakuwahi kuoa.
Akapata kutowajali wenzio, kumi na tano.
Akapata, saa saba za usiku, neno la mawakili
la kitu kisichoweza kuwekewa hakimiliki:
kumi na tano, na hakuna hata moja iliyojirudia!
Alicheka peke yake jikoni
kama aliyeokota saa ya dhahabu kwenye mfuko wa koti kuukuu.
Kesho yake alilileta mbiombio, kwa maandishi makubwa.
Finlay alifumba macho.
G. H. T.

Kiingereza kina tabia hiyo: huajiri herufi
kisha huzikalisha bure.
G na H wanavaa sare, wanaketi katikati ya usiku,
katikati ya binti, katikati ya mwanga,
na hakuna anayewasikia hata wakipiga chafya.
Kwetu hawapewi kiti hivihivi.
Jaribu kuwatoa kwenye lugha
uone kinachobaki.

Jumanne moja ya mwezi wa sita
Dolina alikuwa amefika neno la tisini na mbili.
Taa ndefu ya darini ilikuwa ikivuma juu ya kitanda.
Kidole kikaenda kulekule,
ila safari hii na mdomo ulifunguka,
na kitu kikakwaruza kooni, kikavu,
kama mwiba wa samaki unaotafuta njia ya kutokea.
Muuguzi alirukia beseni.
Dolina akamzuia kwa mkono.

Aliijua sauti hiyo.
Mama yao aliitoa kila usiku akiipulizia taa ya mafuta:
*likht*, watoto, *likht*.
Naye Bi Oliphant, mwalimu wa darasa la kwanza,
aliwachapa viganjani kwa ajili yake.
Herufi hizo huandikwa, alisema,
hazisemwi.
Finlay alikuwa na miaka saba. Dolina sita.
Walirudi nyumbani na makoo yaliyonyooshwa.

Alinyanyuka, akabonyeza swichi.
Huko kaskazini mwezi huo anga halizimiki kabisa;
uso wa kaka yake ulibaki wa kijivu, ukalegea,
ukashusha pumzi ya miezi minne.

Herufi tano tu.
Alikuwa amemsomea siku ya kwanza, ukurasa wa kwanza,
la tatu kutoka juu,
ila alilisoma kwa ukimya wa Bi Oliphant.

Akafungua daftari karibu na dirisha, akaanza upya,
sasa kwa koo:
usiku, haki, nane,
vibaya, kwa aibu ya mtu wa miaka sabini na minane,
huku Finlay akimsahihisha kwa mikwaruzo.
Kwenye mjukuu wa kike alipaliwa kwelikweli.
Muuguzi akaleta maji.