Juu ya Maporomoko

Daktari Saldivia, mng'oa meno wa Rosario,
anaminya jino la ndoana kwa koleo
na kujicheka: "Hata likizoni!"
Ndiyo sheria ya hifadhi: ndoana iwe kibogoyo,
mkono uloweshwe kabla ya kumgusa samaki,
picha moja, upesi, kisha arudi majini.
Mimi namshikia wavu. Ndiyo kazi yangu,
miaka thelathini na mmoja, mto huu huu,
chini ya Andes, nasi tukivua samaki
upepo unatuvua kofia.

Trauti anatoka, mnene,
madoa kama aliyerushiwa wino.
Saldivia anampakata kwa woga
kama mtoto wa jirani.
Anamwachia. Samaki anasimama kidogo mkondoni,
kana kwamba amesahau alikotumwa,
halafu hayupo.

"Na kule juu ya maporomoko?"
"Kumefungwa."
"Kwa nini?"
Namimina maji ya moto kwenye kibuyu cha yerba,
navuta kwa mrija, polepole.
Mdomo ulio kazini hauulizwi mara mbili.

Kule juu wanakaa wenyeji,
samaki wasio na magamba, wembamba kama penseli,
wangavu hata ukiwainua juani
unaona walichokula asubuhi.
Hakuna apandaye ndege kuja kuwavua.
Hawaruki, hawapigani, hawana picha ukutani.

Picha ukutani ni ya babu yangu Emrys,
kofia kifuani, ofisi ya mji.
Ndiye aliyemleta trauti:
mayai ndani ya barafu, nyumbu wawili, siku tano,
usiku akiamka kuyatazama
kama mzazi wa mapacha.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni alikuja, akanenepa,
na mwenyeji akabaki pale tu
ambapo mwamba ulimfungia mgeni mlango.
Simtukani. Trauti alimsomesha binti yangu.
Bati hili juu ya kichwa changu ni lake.

Mwezi uliopita Rayen Calfuquir, askari wa hifadhi,
aliingia jikoni bila kubisha,
akaweka chupa mezani kando ya mkate.
Ndani, trauti mdogo, urefu wa kijiko.
"Wa juu," alisema.
"Samaki hapandi mita ishirini za maji yaangukayo.
Kuna miguu iliyombeba."
Hakunitazama miguu.

Ulikuwa msimu wa ukame, miaka minane nyuma.
Mto umebaki mawe, wageni wameghairi,
deni la mashua linanijua kwa jina.
Ndoo ya maziwa, samaki saba,
shati langu limefunika juu.
Nilitaka kidimbwi cha siri, cha kuuza kwa wenye pesa.
Mwaka uliofuata wakapafunga,
na siri ikazaa bila mimi.

Nilimwambia. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu wa chumba cha pili.
Rayen hakufoka. Alikata mkate, akala,
akasema, "Jumatatu. Njoo na ufito wako,
na ndoana yenye jino."

Basi kila Jumatatu napanda.
Kule harudishwi mtu.
Mimi niliyelowesha mikono miaka yote hiyo
nisiwakwangue ute,
nawapiga kichwani kwa kipande cha mti wa lenga.
Rayen anaandika: urefu, uzito, jike au dume.
Wamefika sitini na wawili.
Wa mwisho nilimpasua, tumboni mna wenyeji wanne,
mmoja bado anang'aa,
nikamshika kiganjani kwa muda mrefu
nisijue wa kumrudishia.

Saldivia anarusha tena. Mshipi unachora hewani
herufi ambayo hakuna alfabeti inayo.
"Kesho Jumatatu," anasema, "mapumziko, sivyo?
Unafanya nini mtu kama wewe siku ya mapumziko?"

"Nakwenda kuvua," namjibu.

Anacheka mpaka anapoteza samaki.