Digrii Ngapi?

Kabla ya salamu, kabla ya habari za huko:
"Digrii ngapi?"
Ujumbe wa Mbaruku huingia alfajiri,
ndio kwanza ametoka zamu ghalani, Dubai,
ambako samaki hulala kumi na nane chini ya sifuri,
wameshikana kama matofali.
Nami huku Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
nashika kurunzi, nachungulia kipimajoto
kilichong'ang'ania kioo kwa mpira wake mmoja.
Najibu: ishirini na sita.
Anajibu: sawa.
Ndoa yetu, siku nyingi, ni hayo tu.

Aliniachia tangi sebuleni, pale palipokuwa na kabati la vyombo.
Vitatange wawili, kangaja mmoja,
kaa duvi anayehama nyumba bila kulipa kodi,
na masharti, kaandika nyuma ya kalenda:
Maji yakipungua ongeza maji matamu, si ya bahari;
kinachopaa ni maji, chumvi haina mabawa.
Waya uupinde goti chini ya soketi,
tone lidondoke sakafuni, lisipande ukutani.
Usishushe joto kwa pupa. Digrii moja kwa saa.
Samaki si chai.

Hapo nilicheka.

Mwezi wa pili, Jumanne, umeme ukakatika saa nne asubuhi.
Feni niliyoielekeza juu ya maji
ikazunguka mara tatu za mwisho, ikasimama.
Pampu ikanyamaza;
ndipo nikajua siku zote ilikuwa ikisema.
Bati likaanza kulia, ta, ta, ta.

Chupa za barafu nilizowagandishia
nilizimaliza mapema, kwa hofu.
Saa saba, ishirini na tisa.
Saa nane na nusu, thelathini na moja.
Kangaja kaja juu, mdomo wazi, anaimega hewa.
Nikachota maji yao kwa kikombe, nikayamimina kutoka juu,
nikachota, nikamimina,
pumzi ya kuazima, hadi bega likafa ganzi.

Frijini zimebaki barafu za ukwaju, sitini,
za mia mbili mbili, na chuo kinakaribia kutoka.
Ukwaju ndani ya bahari ya watu? Hapana.
Nikatafuta kopo la siagi, lile kubwa,
nikatia barafu kumi, na jiwe la kulizamisha,
mfuniko nikaufunga kwa plasta mara nne,
nikalishusha pembeni taratibu, kama mtoto aliyesinzia.

"Bi Mishi, barafu!" Mlangoni, Ngoda na wenzake.
Akaona kopo. "Kwani samaki wanakula barafu?"
"Wanaazima baridi tu. Zikitoka, utakula wewe, kwa mia."
Akafikiri. "Zitanuka?"
Sikumjibu, nilikuwa nasoma namba.

Saa tisa na nusu, thelathini.
Saa kumi na nusu, ishirini na tisa, na bado inashuka.
Nikalitoa kopo, ingawa mkono ulitaka kuliacha.
Hakuna aliyeniambia hilo:
kupoza si kazi,
kazi ni kuacha kupoza.

Umeme ulirudi saa mbili usiku.
Frijini, mifuko hamsini ya maji ya kahawia,
laini kama mashavu.
Feni ikakohoa vumbi, ikaendelea na mazungumzo yake.

Alfajiri: "Digrii ngapi?"
Nikaandika ishirini na saba. Nikafuta.
Nikaandika: jana zilifika thelathini na moja,
na mimi sikutia kitu mdomoni hadi usiku.
Nikatuma kabla sijajionea haya.

Vitiki viwili vikageuka samawati.
"Anaandika" ikawaka, ikazima.
Ikawaka tena.
Kisha:
"Ulifanyaje?"

Nimekaa na neno hilo, simu pajani.
Kitatange mdogo anapita na kurudi kiooni.
Chai yangu imepoa, yenyewe,
wala hakuna aliyeipima.