Mkongo

Saa moja asubuhi, Springburn, Glasgow.
Lifti imekufa tena.
Ruaridh kabeba drili, mimi nimebeba rola,
mita mia tano za kioo
kilichovutwa hadi kikawa chembamba kama unywele.
Ngazi za zege zinanuka sabuni na bia ya jana.

Kila ghorofa ina kabati la nyaya,
na kila kabati lina waliotutangulia:
shaba ya simu, jozi kwa jozi,
waya wa kengele isiyolia,
kebo ya antena ya paa,
kebo ya dishi, imekatwa, hajulikani nani kaikata,
na kizibo cha chupa
ambacho fundi fulani alikiacha juu ya bomba
akashuka, akaenda zake.
"Huu ndio wa mwisho," asema Ruaridh, akiupigapiga mkongo wetu.
Wa shaba naye alisema hivyo.

Baba yangu alikata mkonge Ngombezi,
majani thelathini kwa kila tita,
na usiku mama alimtoa miba kwa sindano
kwenye mwanga wa koroboi, bila kusema neno.
Herufi moja tu imebadilika.
Yeye mkonge, mimi mkongo.
Na mwiba upo: kipande cha kioo
kikikuingia kidoleni hukioni,
unakibandua kwa ulimbo wa karatasi,
ukikikosa
unalala nacho.

Kanuni ni moja: usiukunje.
Ukiupindisha zaidi ya mdomo wa kikombe
mwanga unatoroka pembeni.
Samaki huyu hakunjwi, mbichi wala mkavu.

Ghorofa ya kumi na tano, mlango wa tatu.
Bi Senga; ni Agnes lililosomwa kinyume,
kanieleza mwenyewe, hata sijauliza.
Kwetu jina hilo lingepita bila swali.
"Intaneti siitaki."
Namwambia mwenye jengo ameshatia sahihi kwa wote,
tunaacha kiboksi tu, si lazima ukiwashe.
Anafungua kidogo, kisha kidogo tena.

Ramani inasema: nyuma ya mlango,
mita moja na sentimita kumi toka sakafuni.
Nimeshainua drili ndipo naona penseli.
Vistari, kimoja juu ya kingine.
Calum 1981. Calum 1983.
Calum 1984, kwenye mita moja na kumi kamili.
Juu yake, ukuta mweupe mpaka darini.

Sikuuliza. Naye hakusema.
Alikuwa ameshika birika, anatazama ncha ya drili.

Nikatoboa juu ya fremu,
nikauzungusha mkongo ukutani, mita nne zaidi,
kona mbili, nikizipinda polepole
kama mtu anayegeuza mgonjwa kitandani.
Ruaridh akatazama saa: milango kumi na mmoja imebaki.
Akatazama ukuta.
Akanishikia ngazi.

Mashine ya kuunga ikaonyesha upotevu:
sifuri nukta sifuri mbili.
"Humo ndani kunapita nini?" akauliza Bi Senga.
"Mwanga."
"Mwanga tu?"
Akazima taa ya korido ili auone.
Tukasimama gizani watu watatu, na chai mkononi.
Ikabidi nimwambie: huu hauonekani kwa macho.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Mwanangu, nimeishi Glasgow miaka sabini na nane.
Mwanga usioonekana nimeuzoea."

Kwenye fomu, mahali pa sababu ya kuongeza kebo,
niliandika: *ukuta hautobolewi.*
Ruaridh akasoma, akasoma tena,
akatia sahihi
na kubeba drili kwenda mlango wa nne.