Mstari wa Rula

Ramani ya ofisini imepauka upande wa dirisha,
bahari yake imekuwa rangi ya maji ya mchele.
Nikaweka rula ya mwanangu, ya plastiki, imeng'atwa pembe:
sifuri juu ya Mtwara, na Songea
ikaangukia ishirini, kasoro unywele.
Kilomita mia tano, kwa kipimo cha chini ya ramani.
Kwa ndege ya pangaboi, saa moja na dakika tano.

Mimi ndiye ninayesukuma ngazi.
Miaka kumi na tisa nawapandisha watu
na mwenyewe sijapanda ila kwa ufagio.
Kilo ishirini na tatu naijua kwa mkono tu;
najua korosho zilizofichwa chini ya khanga
zinavyolivuta begi upande mmoja.
Ya hewani waulize wenye hewa.

Lakini usiku ule, saa nane, mama alipotutoka,
Bihawa alipiga kutoka Songea. Hakulia.
Aliuliza kama abiria:
"Kaka, kwa ndege ni muda gani?"
Nikamjibu nilichokijua. Saa moja na dakika tano.
Akanyamaza. Nikasikia anavaa viatu.
Ndipo nikakumbuka kumwambia
kwamba mstari ule hauna ndege.
Ya Songea huenda Dar, ya kwetu hutoka Dar,
keshokutwa, kama kiti kipo;
wanaoupita mstari wenyewe ni kunguru,
na kunguru hawakati tiketi.

Ikawa basi.
Basi la saa kumi na mbili alfajiri.

Namtumbo alipiga: "Mmeshamwosha?"
Bado.
Tunduru alipiga, nasikia mtu ananadi mayai dirishani:
"Mmeshamwosha?"
Tayari, nikasema, na sanda imetosha.
Shehe akauliza kama tungoje. Mjomba Nankumba
akatazama jua, kisha akanitazama mimi,
mtu wa uwanja wa ndege, mjuzi wa saa.
Rula ilikuwa bado mfukoni, inanichoma paja.
Nikasema tusingoje.

Baada ya adhuhuri, Chikongola.
Yeye alikuwa Nakapanya, gari limesimama
nyuma ya malori ya makaa ya mawe,
moja limelala ubavu, dereva amekaa juu ya tairi
anakula muhogo.
Niliinua simu juu ya kaburi ili asikie.
Alisikia upepo, alisema baadaye, na majembe,
na mtu mmoja akikohoa. "Nani yule aliyekuwa anakohoa?"
Sikumwambia kwamba ni mimi.

Alifika saa nne usiku, miguu imevimba,
na kiroba cha maharage ya njano.
Nilikipokea, na mkono, kwa mazoea yake mabaya,
ukasema: kilo tisa.
"Mama alilalamika ya huku hayaivi," akasema Bihawa,
akakaa kwenye mkeka, hajavua mtandio.
Tuliyapika siku ya tatu, kwa wasomaji wa khitima.
Yaliiva upesi.

Siku hizi ndege ikiinuka huwa naifuata kwa macho.
Zote hugeukia kaskazini.
Magharibi kuna mawingu tu, na njia pana kabisa.

Rula nimemrudishia mwenyewe. Ana mtihani wa hesabu,
umbali gawanya kwa mwendo,
jana akaniuliza jibu linaandikwaje.
Nikamwambia, andika saa.
Na dakika usizisahau.