Ratiba ya Mwaka, Skuli ya Konde

Bimize kapiga mistari kwa rula
nyuma ya kalenda ya mwaka jana:
wiki arubaini, visanduku arubaini.
Januari, salamu. Februari, rangi, hesabu.
Machi, "yeye" mmoja apasuliwe wawili,
wa kike na wa kiume,
na hapo Shaame atauliza tena
paka wa kwao aangukie wapi.

Ramadhani, mazungumzo mafupi. Midomo mikavu.

Karafuu zikiwadia, kaacha weupe.
Anayajua madawati yatakavyokuwa,
na vidole vitakavyorudi vikinukia.

Wakirudi, wakati uliopita:
nilipanda, nilichuma, niliteleza.
Kitabu cha wizara chasema
"Jana nilikwenda kutazama theluji."

Kakifunga.
Kachonga penseli,
kaandika: Waulize wao.