Ngozi ya Manifoldi

Nimeilaza juu ya gazeti la juzi,
manifoldi ya baba: mabomba manne
yaliyojikunja kama vidole vilivyoshika kikombe,
yote yakielekea tundu moja, mlango wa turbo.
Nje, hapa Võru, ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
theluji imefika kwenye kitasa cha gereji.
Humu ndani tunabishana juu ya joto.

Indrek ana kopo. Amelitikisa tangu asubuhi,
kigololi chake kinagonga, tak-tak, tak-tak.
Rangi nyeusi, euro kumi na nne,
kopo linaapa kuvumilia nyuzi mia nane.
Kuapa si kuvumilia, namwambia.
Mwaka jana tuliipaka ya kaka yako:
mzunguko wa kwanza ikanuka nywele zinazoungua,
wa tatu ikabambuka
kama mgongo wa mtalii aliyesinzia ufukweni Pärnu.
Hakuisafisha kwa asetoni, anamtetea,
wala hakuipasha kwa hatua, nusu saa, ipoe, kisha tena,
kama yanavyoagiza maandishi madogo mgongoni mwa kopo.
Huenda.
Lakini turbo ikikolea usiku
manifoldi hung'aa rangi ya chungwa,
na saa hiyo hakuna asomaye maandishi madogo.

Tiiu kaleta bandeji,
mita kumi za utepe uliofumwa kwa mawe yaliyoyeyushwa.
Unaulowesha, unauzungusha, unakaza, unafunga kwa waya.
Nyaya hazitayeyuka, boneti haitababuka,
moto utakimbilia mbele ukazungushe panga za turbo
badala ya kutuchoma sisi.
Kweli tupu. Nilikaribia kusema ndiyo.
Ila nimewahi kuifungua bandeji kama hiyo mwezi wa Aprili,
baada ya majira mazima ya theluji na chumvi ya barabarani:
chuma kilitoka nayo, magamba kwa magamba.
Funika kombe mwanaharamu apite, wasemavyo.
Hapiti.
Anajikunyata humo humo kwenye unyevu,
anakula taratibu, na jina lake kutu.

Imebaki kauri.
Hiyo huipaki mwenyewe. Unaipeleka Tartu
kwa Heldi, mwanamke mwenye mafua yasiyoisha,
naye anaipuliza mchanga hadi chuma kibaki kijivu, uchi,
anaipaka nje na ndani,
anaioka katika oveni kubwa kuliko jiko langu zima.
Euro mia mbili na themanini. Siku tisa.
Mashindano ya barafuni yamebakiza kumi na moja.

"Hiyo ni pesa ya matairi," anasema Indrek.
Ni pesa ya matairi.

Kuna jambo sikumwambia.
Kati ya bomba la pili na la tatu upo mshono.
Baba aliuchomelea Novemba ile
mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka,
na mshono ukatetemeka naye:
unapanda, unajikwaa, unapotea kidogo,
unaipata tena njia.
Fundi mwingine angeusaga ukawa laini.
Haujapasuka hata siku moja.

Bandeji ingeuzika. Rangi ya Indrek,
kwa jinsi anavyopaka, ingeyajaza mabonde yake yote.
Basi jana nilimpigia Heldi simu
nikamuuliza kauri yake ina unene gani.
Akapiga chafya.
"Kama unywele," akasema, "pengine pungufu. Kwa nini?"
Nikasema nawazia gasketi.

Nimeiviringisha kwenye blanketi,
nimeiketisha kiti cha mbele, nimeifunga mkanda.
Indrek bado ameshika kopo lake, halitikisi tena.
Volvo itaingia barafuni na matairi ya mwaka jana,
misumari yake nusu imeng'oka.
Tutateleza, najua.
Basi na tuteleze.