Alama ya Vema

Alhamisi ya pili ya mwezi, saa kumi na mbili unusu asubuhi,
wanaingia mmoja mmoja wakikung'uta theluji viatuni:
Harkin wa usingizi, Radovich wa mifupa,
Tregear wa watoto, aliyekesha, vifungo vya shati vimepishana.
Mlango unafungwa. Pazia linashushwa,
ingawa nje hamna jicho
ila mlima uliochimbwa shaba ukabaki nusu.

Mimi ni karani. Miaka ishirini na miwili
nimetunza majalada ya madaktari wa Butte:
shahada, leseni, barua za waliowafundisha,
idadi ya nyongo walizotoa, na walizotoa vibaya.
Wao hupima watu. Mimi huwapima wao
kwa muhuri na pini.

Leo kesi ni moja. Kanuni hairuhusu jina.
Tunasema "Daktari wa Saba,"
na wote wanatazama meza,
maana nani asiyeujua mwandiko ule,
nani hakufundishwa naye kushona,
nani hajatoka jasho katika sauna yake
siku ya mwaka mpya?

Umekatwa mrija usiopaswa kukatwa.
Ni wa tatu tangu majani yapukutike.
Mwenye mrija ni mpishi wa shule, miaka arobaini na mmoja,
weupe wa macho yake umegeuka haradali.
Yeye hayumo chumbani.
Hajui kama kuna chumba.

Radovich anasema: palikuwa na kovu la zamani, palinata.
Lingempata yeyote.
"Yeyote," anasema Harkin, "mara moja."
Mashine ya kahawa inakoroma.
Kisha, bila kuinua uso:
"Mimi hukaa kichwani pa mgonjwa. Mkono nauona.
Nimeuona tangu Machi."
"Mbona hukusema?"
"Nilisema. Nilimwambia mume wangu."

Mganga hajigangi, wala kinyozi hajinyoi;
ndiyo sababu ya meza hii:
kila mmoja ashike wembe shingoni mwa mwenzake
na asitetemeke.
Lakini wembe wa rafiki ni mzito,
na sisi tulikuwa tumeuacha kwenye ala
tukaita ucheleweshaji huo heshima.

Nasema sisi.
Jalada liko mbele yangu, fomu ya mwaka jana,
swali la kumi na nne:
Je, una maradhi yoyote yanayoweza kuathiri kazi yako?
Visanduku viwili.
Alitia alama ya vema kwenye Hapana,
na alama yenyewe imeyumba, imeruka ukuta wa kisanduku,
mkia wake umekwenda kugusa Ndiyo.
Chini yake, wino wa zambarau, muhuri.
Wangu.
Kazi yangu ilikuwa kuona kama maswali yamejibiwa.
Yalikuwa yamejibiwa.

Ubavuni kulia nina kovu la miaka kumi na tisa,
limenyooka kama lilipigiwa rula.
Halimo kwenye jalada.

Wanapiga kura. Mikono inapanda, yote imetulia.
Avuliwe ruhusa ya kisu: wote.
Apimwe na daktari wa neva: wote.
Wagonjwa watatu waambiwe ukweli:
hii ilipita kwa kura moja,
na kumbukumbu za kikao hazitaji ya nani.

"Ana mgonjwa saa moja na nusu," Tregear anasema,
na sote tunatazama saa ya ukutani.
Harkin anavaa koti, anavua, anavaa tena.
Mimi natangulia na bahasha.

Kwenye korido, Daktari Rautio
amesimama na kofia yake ya upasuaji, ile ya bluu.
"Kikao kirefu leo," ananiambia.
Najibu kwamba kweli, kirefu.
Anakunywa kahawa.
Kikombe kimejazwa nusu tu,
na sikumbuki ni lini mara ya mwisho
nilimwona akibeba kilichojaa.